Bendera ya Japani inayoshonwa Moshi: mkono wa fundi ni mzuri, vipimo nenda navyo

Katikati ya mji wa Moshi, kwenye mitaa iliyo kati ya mnara wa saa na Soko Kuu, lipo duka dogo la ushonaji lenye cherehani tatu na mashine moja ya kudarizi inayoendeshwa kwa kompyuta. Wateja wake wakubwa ni kampuni za kupandisha watalii mlimani. Mgeni kutoka Japani anayekwenda Kilele cha Uhuru, mita 5,895, mara nyingi hutaka apigwe picha akiwa ameshika bendera ya kwao. Akiwa hakuja nayo, kampuni humshonea hapa siku moja kabla ya kupanda. Sasa duka limeongeza beji za kudarizi, mapazia ya mlangoni yenye alama za koo za Kijapani, na stika za magari.

Tuseme mapema tunachokiona. Mafundi wanajua kazi. Mishono imenyooka, pindo halijikunji, na nyuzi za mwisho zimefungwa vizuri. Kinacholegea ni michoro. Inachukuliwa kwenye intaneti bila kupimwa na bila mtu kuuliza alama ile ni ya nani. Kwa alama za Japani hilo si jambo dogo, kwa sababu karibu kila moja ina mwenyewe, na tofauti ya petali mbili inatosha kuitoa alama kwa Mfalme na kuipeleka kwa ndugu zake.

Tuanze na bendera, maana ndiyo inayonunuliwa kuliko vyote.

Inauzwa kwa vipimo vitatu: sentimita 40 kwa 60, 60 kwa 90, na 90 kwa 135. Hapo duka limepatia. Sheria ya Bendera na Wimbo wa Taifa ya Japani, iliyoanza kutumika tarehe 13 Agosti 1999, inataka kimo na urefu viwe kwa uwiano wa mbili kwa tatu. Bendera ya Tanzania nayo ni mbili kwa tatu, kwa hiyo ukizishona zote mbili kwa kipimo kimoja zitakaa pamoja bila moja kuipita nyingine. Wengi hudhani bendera ya Japani ilikuwa na sheria tangu enzi na enzi. Lililokuwepo kabla ya hapo ni tangazo la mwaka 1870 lililohusu meli za biashara, na lilitaja uwiano wa saba kwa kumi huku duara likisogea upande wa mlingoti kwa sehemu moja ya mia. Sheria ya 1999 bado inaruhusu umbo hilo la zamani. Mgeni akija na bendera ya babu yake ambayo jua lake limesogea kidogo, usimwambie imekosewa.

Kosa la duka liko kwenye duara lenyewe. Kipenyo kinatakiwa kiwe sehemu tatu kati ya tano za kimo cha bendera. Kwa bendera ya sentimita 40 duara ni 24, kwa ya 60 ni 36, kwa ya 90 ni 54. Bendera ya kati tuliyoipima dukani ilikuwa na duara la sentimita 30, yaani nusu kamili ya kimo. Chanzo chake kinaonekana mezani: fundi anazungushia chaki sinia la bati ambalo kipenyo chake ni hicho hicho. Sentimita sita zinaonekana chache mpaka uiweke bendera hiyo karibu na iliyotoka Tokyo. Jua linakuwa dogo, weupe unazidi, na Mjapani anahisi kasoro kabla hajajua iko wapi.

Kosa la pili ni la mahali pa duara, na hili ni gumu zaidi kuligundua. Fundi anatafuta katikati ya kitambaa kwanza, anashona duara, halafu ndipo anakunja sentimita nne upande mmoja kutengeneza mfuko wa mlingoti. Hesabu yake ni hii: kitambaa cha sentimita 90 kinabaki na 86 zinazoonekana, katikati yake sasa ni 43 kutoka kwenye mshono wa mfuko, lakini jua lilishashonwa kwenye 41. Limesogea sentimita mbili kuelekea mlingotini, na uwiano wa mbili kwa tatu nao umekwenda. Dawa ni kuufanya mkanda wa mlingoti kuwa kipande cha ziada kinachoungwa nje ya zile sentimita 90. Kwa bendera ya 60 kwa 90 kitambaa cheupe kikatwe 66 kwa 95: tatu za pindo juu, tatu chini, nne upande wa kupepea, na moja ya kuungia mkanda. Pindo zote zimalizwe kwanza, mkanda ushonwe, ndipo zivutwe nyuzi mbili kutoka kona hadi kona ya eneo linaloonekana. Zinapokatana ndipo ncha ya bikari inapokaa.

Kitambaa wanachotumia ni tetroni ile ile ya kanzu, na tunaikubali. Jina hilo lenyewe limetoka Japani: Tetoron ni alama ya biashara ya poliesta za kampuni za Teijin na Toray, na Wajapani nao hushonea bendera zao za nje kwa kitambaa cha aina hiyo. Kinakauka haraka, hakivuti maji kama pamba, na hakichakai upesi kwa jua. Marekani, kile kitambaa cha pamba, isitumike kabisa kwa bendera ya kupandishwa mlingotini; ikilowa inakuwa nzito, inalala chini, na pindo linaanza kuchanika.

Kuhusu wekundu, sheria inataja rangi ya beni tu, jina la nyekundu iliyokuwa ikikamuliwa kwenye ua lenye miiba la jamii ya alizeti. Haikuweka namba. Wachapaji wengi hutumia BC002D kwenye kompyuta, yaani nyekundu 188, kijani 0, buluu 45. Kwa lugha ya dukani: iwe katikati ya nyekundu ya jezi za Simba na damu ya mzee, lakini karibu zaidi na jezi. Nyekundu ambayo duka huikata mara kwa mara inaelekea kwenye chungwa, na ikipigwa picha juu ya theluji inazidi kung'aa na kupoteza uzito wake. Waambie wakutolee robota zote nyekundu, zitandazwe mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Chini ya taa ya dukani nyekundu zote zinafanana.

Duara linashonwa kama kiraka upande wa mbele peke yake. Kwa bendera ya kushika mkononi hiyo inavumilika. Kwa ya mlingoti haifai, maana upande wa nyuma unaonyesha kivuli cha waridi badala ya jua. Njia sahihi mafundi hawa wanaiweza, lakini lazima uiombe. Duara jekundu linakatwa likiwa na sentimita moja ya ziada kuzunguka. Linabanwa kwa pini nne, juu, chini, kushoto na kulia, halafu linapigwa bandi kwa uzi wa mkono. Mshono wa cherehani unaanzia juu na kwenda robo moja, kisha fundi anahamia upande wa pili na kushona robo inayoelekeana nayo, halafu zinafuata mbili zilizobaki. Akizunguka mara moja bila kusimama, kitambaa kinasukumwa na mguu wa cherehani, na jua linamaliza likiwa yai. Hasa kwenye sehemu nne ambapo ukingo unapita mshazari wa nyuzi, kwa sababu hapo kitambaa kinavutika. Baada ya mshono wa kwanza bendera inageuzwa, kitambaa cheupe kilicho nyuma ya duara kinakatwa kwa mkasi mdogo na kuachwa nusu sentimita, kisha zigizaga ya milimita tatu inafunika kingo zote mbili. Sasa jua ni moja, linaonekana sawa pande zote, na upepo hauwi na mahali pa kuingia kati ya tabaka mbili.

Kabla ya kukubali kitambaa chekundu, kijaribuni kwa maji ya moto na sabuni: kilowesheni kipande, kibanwe na kitambaa cheupe, kipigwe pasi hadi kikauke. Weupe ukipata waridi hata kidogo, msikitumie. Masika ya Moshi, kati ya Machi na Mei, hayamsamehei mtu aliyeruka hatua hii. Bendera inatoa mchirizi mwekundu kutoka duara hadi pindo la chini, na hakuna kuurudisha weupe ule. Kuloweka kwenye chumvi au siki, kama wengine wanavyoshauri, hakuizuii rangi ambayo haikushika tangu kiwandani.

Upande wa kupepea ndio unaokufa kwanza. Duka linaushona mistari miwili. Kwa mlingoti wa nje omba minne, na pembe mbili za mwisho ziwekewe vipande vya pembetatu kwa ndani.

Kuna jambo ambalo wageni wa Kijapani huliuliza na duka halijalijua: kuandika kwenye bendera. Wana desturi iitwayo yosegaki, ambapo marafiki huandika majina na maneno ya heri kwenye weupe kuzunguka jua. Wakati wa vita askari walibeba bendera za namna hiyo. Leo hubebwa na wanamichezo na wapanda mlima. Maneno hutawanywa kama miali, na duara huachwa safi. Kwenye tetroni wino wa kalamu ya kudumu hausambai kama unavyosambaa kwenye pamba, lakini uachwe ukauke kabla bendera haijakunjwa, la sivyo majina yanajichapa upande wa pili. Kwa kazi hiyo kipimo kidogo cha 40 kwa 60 hakitoshi kundi la zaidi ya watu kumi na wawili hivi. Chukueni cha kati.

Sasa tuje kwenye bidhaa ambayo tunaliomba duka liishushe ukutani.

Pembeni ya bendera ya kawaida inaning'inia nyingine, nyeupe yenye jua na miali myekundu inayofika kingo zote, na muuzaji anaieleza kuwa ni bendera ya Japani ya zamani. Maelezo hayo si sahihi. Ile ni Kyokujitsu-ki, bendera ya jua linalochomoza, na haijawahi kuwa bendera ya taifa. Ilikuwa ya jeshi la nchi kavu tangu mwaka 1870, na jeshi la majini likachukua ya kwake mwaka 1889, ambayo jua lake limesogea upande wa mlingoti. Tangu 1954 meli za Kikosi cha Kujilinda cha Majini zinapeperusha ile ya majini hadi leo, nacho kikosi cha nchi kavu kina yake ya miali minane yenye ukingo wa dhahabu.

Ndani ya Japani miali hiyo ina maisha mengine pia. Wavuvi huitumia kwenye bendera zao za kusherehekea mavuno makubwa ya samaki, na mtu anayeipenda kwa ajili hiyo hana nia mbaya. Lakini nchini Korea na China watu wanaikumbuka ikiingia vijijini mwao na jeshi lililowatawala na kuwaua. Jeraha hilo halijapona. Mwaka 2018 Korea Kusini iliandaa gwaride la meli za kivita huko Jeju na kuwaomba wageni wote wapeperushe bendera za mataifa yao na ya Korea tu. Japani ikaamua kutopeleka meli kuliko kuishusha bendera ile. Serikali mbili zilishindwa kuelewana juu ya kitambaa. Sasa fikiria kambi ya mlimani ambamo kundi la Wakorea na kundi la Wajapani wanalala mahema jirani, na kiongozi wa msafara, kwa nia njema kabisa, anawatundikia Wajapani bendera ya miali mbele ya hema la chakula. Hata baadhi ya Wajapani huenda wakaona haya. Kampuni ya utalii haina faida yoyote hapo.

Hata kwa ufundi bendera hiyo imekosewa. Tulihesabu miali kumi na miwili. Ya kijeshi ina kumi na sita, na kila mwali na kila nafasi nyeupe huchukua nyuzi 11.25 za pembe, ambazo kwa kipimapembe cha shule hazisomeki vizuri. Ndiyo maana fundi aligawa kwa kumi na mbili. Hatuelezi hapa namna ya kuirekebisha, kwa sababu tunachotaka ni iache kuuzwa kama bendera ya nchi.

Beji za kudarizi ziko nne, na kila moja ina habari yake.

Ya kwanza ni ua la dhahabu, lile krisanthemamu ambalo Wajapani huliita kiku. Muuzaji anaiita nembo ya Japani. Japani haina nembo ya taifa iliyowekwa kisheria kama Ngao ya Taifa letu, yenye Bibi na Bwana juu ya mlima wetu. Ina bendera na wimbo. Ua hilo ni la Mfalme. Mfalme Go-Toba, aliyeishi hadi karne ya 13, alilipenda hata akaliweka kwenye panga zake, na warithi wake wakalishika. Serikali ya Meiji ikalitenga kwa ajili ya ufalme mwaka 1869, na mwaka 1871 ikawakataza wengine wasilitumie. La Mfalme lina petali kumi na sita mbele, na kati ya kila mbili inachungulia ncha ya petali ya safu ya nyuma, nazo kumi na sita. Watoto wa kifalme na ndugu wengine wana la petali kumi na nne, likionyeshwa kwa mgongo. Wabunge huvaa kifuani la petali kumi na moja. Lililo kwenye jalada la pasipoti ya Japani lina kumi na sita, lakini safu moja tu, bila zile ncha za nyuma.

Beji ya dukani ina petali kumi na sita za safu moja, kwa hiyo kwa macho ya Mjapani ni ua la pasipoti. Ukiishona kwenye fulana ya mbeba mizigo, anaonekana kama aliyevaa hati ya kusafiria. Wala usiwaombe waiongezee safu ya pili ili ifanane na ya Mfalme. Kwa upana wa sentimita tano zile ncha za nyuma zinakuwa chini ya milimita moja, na sindano ya mashine inazifuta; na hata zingetokea vizuri, mwenye alama hiyo ni mmoja tu. Sheria ya alama za biashara ya Japani imeitaja waziwazi miongoni mwa zisizosajiliwa.

Ya pili ni kiri, mti wenye majani mapana matatu na mashada matatu ya maua juu yake. Hii ndiyo inayoonekana mbele ya meza anayohutubia Waziri Mkuu wa Japani, na serikali huitumia kama alama yake. Hesabu yake ni tano, saba, tano: shada la katikati maua saba, ya pembeni matano kila moja. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa mwishoni mwa karne ya 16, aliitumia sana, na leo kila Mjapani ameishika mkononi kwenye sarafu ya yeni 500. Duka limedarizi tatu, tano, tatu. Si kosa la kubuni, kwa maana lipo umbo hilo nalo na familia nyingi za kawaida zinalitumia. Ila si la serikali. Kwa kweli hilo ni jema: beji hii inaweza kuvaliwa na yeyote bila kumkosea mtu. Muuzaji abadilishe maelezo tu, aache kusema ni ya Waziri Mkuu.

Ya tatu, kunguru wa miguu mitatu, imenakiliwa kutoka chama cha soka cha Japani. Ndege huyo ni Yatagarasu, aliyemwongoza Mfalme Jimmu katika hadithi za kale. Darizi imetoka safi, lakini nembo ni ya chama, na kuiuza bila ruhusa ni kuliingiza duka kwenye matatizo.

Ya nne ndiyo tunayoipenda, na inastahili kupewa nafasi ya mbele kabisa kwenye kioo cha duka. Ni milima miwili kwenye duara moja, Fuji na Kilimanjaro, jua jekundu likiwa kati yao. Fuji, mita 3,776, kama alama haina mwenyewe kisheria. Ilikuwa nyuma ya noti ya yeni 1,000 iliyotoka mwaka 2004, na michoro ya Hokusai ya mlima huo iko kwenye kurasa za pasipoti zinazotolewa tangu 2020. Ni alama ya nchi inayoweza kushirikiwa. Mpanda mlima Mjapani akipewa beji hiyo getini anaielewa papo hapo, na mtu wa Kilema au Marangu anaielewa vilevile.

Tunaomba marekebisho mawili. Kwanza, milima yote miwili imechorwa kwa umbo moja la pembetatu. Miteremko ya Fuji inajipinda kwa ndani kadiri inavyopanda, na kilele kinaishia kwa ukingo mfupi uliokatika. Kibo ni pana, juu pamelala kama sufuria iliyofunikwa. Pili, Mawenzi imewekwa kushoto mwa Kibo. Mawenzi iko mashariki. Mtu aliyesimama Moshi anatazama kaskazini, hivyo Mawenzi, mita 5,149, inamkalia kulia. Ikiwa kushoto, hiyo ni picha iliyopigwa kutoka Amboseli, Kenya. Beji inayoshonwa Moshi iuonyeshe mlima kama Moshi inavyouona. Kwenye programu ya kudarizi ni kugeuza mchoro wa mlima huo peke yake.

Mapazia ya mlangoni, noren, yametengenezwa kwa kitambaa cha buluu iliyoiva na alama nyeupe katikati, mpasuo ukiiachanisha nusu kwa nusu. Wanaonunua ni wenye migahawa na kumbi za karate. Alama hizo ni kamon, alama za koo, na karibu kila familia ya Kijapani ina ya kwake. Kwa mtu anayejua kanga, kamon ni mji usio na pindo wala jina: umbo moja lililokamilika, kwa kawaida rangi moja, linalosomeka toka mbali. Vazi rasmi kabisa la kiasili huwa nazo tano, moja mgongoni, mbili kifuani, mbili nyuma ya mikono. Duka linatoa majani matatu ya aoi ndani ya duara, ambayo ni ya ukoo wa Tokugawa uliotawala Japani kuanzia 1603 hadi 1868. Mgahawa ukiitundika hakuna atakayeshtaki, lakini mgeni atauliza mnahusianaje na Tokugawa. Afadhali alama ya ua au ndege isiyotajwa na ukoo mmoja mkubwa. Mteja Mjapani akitaka ya familia yake, apeleke picha, na fundi asiigeuze kama kwenye kioo. Manyoya mawili ya mwewe yaliyopishana, kwa mfano, hutofautishwa kwa lipi limelala juu ya jingine, na mkia wa tomoe, alama yenye umbo la tone linalojipinda, unaozunguka kulia si wa nyumba ile ile na unaozunguka kushoto. Angalieni pia mpasuo: vipande viwili vya pazia vikishonwa kwa mvuto tofauti, nusu moja ya alama inashuka milimita tano na duara linavunjika.

Stika hazina mengi. Zinabanduka baada ya kuoshewa gari mara chache, na bora zisinunuliwe. Jambo linalofaa kujulikana ni kwamba madereva wa Moshi tayari wanaendesha kamon bila kuambiwa. Almasi tatu za Mitsubishi zilizo kwenye Canter kuukuu zimetokana na alama mbili za koo zilizounganishwa, majani matatu ya mwaloni ya ukoo wa Yamauchi na almasi tatu za ukoo wa Iwasaki. Na nyota sita za Subaru ni zile zile ambazo wakulima wetu wamezitazama kwa misimu mingi: Subaru kwa Kijapani ni Kilimia.

Bei wakati wa tathmini hii ni shilingi 12,000 kwa bendera ndogo, 20,000 kwa ya kati na 38,000 kwa kubwa. Kushonewa jua la pande mbili kunaongeza 6,000, na kwa bendera ya mlingoti fedha hiyo ilipwe bila kusita. Beji ni 5,000. Kazi ya kawaida inachukua siku moja, ya pande mbili siku mbili, na umeme ukikatika mashine ya kudarizi inasimama lakini cherehani za mguu zinaendelea. Kampuni inayotaka kuweka bendera ya Japani ndani ya nembo yake ya biashara ijue kuwa Mkataba wa Paris, ambao Tanzania ni mwanachama, unakataza bendera za mataifa kusajiliwa kama alama za biashara bila idhini. Kwa hiyo tumieni beji ya milima. Bendera yetu nayo ina sheria yake ya matumizi. Zikiwekwa mbili getini au hotelini, ziwe sawa kwa ukubwa na kimo, kila moja na mlingoti wake, isiwe moja chini ya nyingine kwenye kamba moja.

Ukienda kuagiza, beba duara la kadibodi lililokatwa tayari kwa kipimo cha bendera yako, sentimita 24, 36 au 54, lenye tundu katikati. Mafundi wanalipokea vizuri, na moja wameshalitundika ukutani juu ya lile sinia. Duara likiwa limekaa vibaya watalifumua na kulishona upya bila malipo, mradi useme kabla kitambaa cheupe cha nyuma hakijakatwa. Kikishakatwa, bendera ni yako ilivyo.